Fizikia ya mitihani ya mchujo: pindi nazijua ila saa linanikimbia, mnatatuaje haya maswali?

Chalii_wa_Rau

Habari za jioni wakuu, hodi humu ndani. Niende kwenye mada moja kwa moja. Nimemaliza fomu six mwezi wa tano, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), saa hizi nipo nyumbani hapa Moshi nasubiri matokeo, na kuna mtihani wa mchujo wa skolashipu ya uhandisi nje nimeomba, unafanyika kwenye kompyuta, sehemu ya fizikia ni maswali 25 kwa saa moja, ukipata +4 ukikosa −1 ukiacha sifuri, na kalukuleta haziruhusiwi kabisa. Aliyetupa maelekezo alisema tujinoe na pepa za JEE Main, mtihani wa India wa kuingilia vyuo vya uhandisi, maana muundo unafanana, na kweli nikaangalia, JEE Main ni maswali 75 kwa masaa matatu, alama 300, masomo matatu, kwahiyo ni mwendo uleule wa 25 kwa saa.

Shida yangu siyo kwamba sielewi. Kwa mitihani ya taifa ya NECTA nilikuwa natiririka, swali lenye (a) (b) (c) nakuandikia ukurasa mzima na kila hatua ipo. Ila hizi pepa za Wahindi nikikaa na saa mezani nafika nusu muda umekata, afu katika hiyo nusu kuna niliyobahatisha yananila alama. Jamaa yangu mmoja kanirushia PDF ya fomula za njia ya mkato, kurasa kibao, anasema wenzetu kule wanakariri hizo tu. Sasa nauliza, nikariri hiyo PDF au nifanyeje? Na nyie mliopita huko mnatatuaje swali kwa dakika mbili?

Mifano ya yaliyonikalisha. La kwanza: bloku ya masi m imewekwa kwenye mteremko wa kabari ya masi M, pembe θ, kabari yenyewe imekaa kwenye sakafu na inaweza kuteleza, hamna msuguano popote. Mchapuko wa kabari ni upi?
A: mg sinθ / (M + m)
B: mg sinθ cosθ / (M + m sin²θ)
C: mg cosθ / (M + m cos²θ)
D: mg sinθ cosθ / (M − m sin²θ)

La pili: waya 12, kila mmoja una ukinzani R, zimeungwa zikafanya mchemraba. Tafuta ukinzani kati ya kona mbili zilizo mbali kabisa, yaani ukivuka kupitia katikati ya mchemraba. Hili niliandika milinganyo ya Kirchhoff ya mikondo na volteji mpaka nikajaza karatasi mbele na nyuma.

Natanguliza shukrani.

HGL_milele

Nimeona sinθ nikataka kukimbia. Ngoja nivute kiti nisome komenti, vipanga wenu watakuja sasa hivi.

Ticha_Sakina

Mdogo wangu karibu sana. Mimi nafundisha twisheni ya advansi hapa Arusha, na vijana wa aina yako nawapata kila ikifika mwezi wa sita, ukisema pindi unazijua mimi nakuamini. Tatizo ni kwamba NECTA imekuzoesha kuonyesha njia. Unaandika data, unaandika fomula, unaweka namba, jibu na yuniti yake, na hata jibu likienda kombo msahihishaji anakuokotea alama za hatua. Huku kwenye mchujo hakuna anayesoma hatua zako, kompyuta inaona herufi moja tu. Kwahiyo kazi kubwa inahamia kule mwanzo kabla hujaandika fomula yoyote, zile sekunde 30 za kwanza ambazo wengi wenu hamzitumii, mkiona neno mteremko tu mkono ushaandika mg sinθ wakati kichwa bado kinasoma swali.

Chukua hilo la kabari. Usiandike kitu. Jiulize, nikilaza mteremko kabisa, θ = 0, itatokea nini? Bloku imekaa juu ya meza, hakuna kinachosukuma kabari pembeni, kwahiyo kabari haiendi popote, mchapuko lazima uwe sifuri. Weka θ = 0 kwenye C, inakupa mg/(M + m). Inasema kabari inakimbia yenyewe! C imekufa. Sasa simamisha mteremko kabisa, θ = 90. Bloku inaanguka wima pembeni ya ukuta, haiugusi kwa fosi yoyote, kabari tena imetulia. A inakupa mg/(M + m). Nayo imekufa. Zimebaki B na D zinatofautiana alama moja tu, jumlisha na toa. Angalia D: ukichagua kabari nyepesi ambayo M ni sawa na m sin²θ, chini panakuwa sifuri na mchapuko unakuwa hauna mwisho. Vitu viwili vya kawaida vimekaa sakafuni, hakuna hata mlipuko, mchapuko usio na mwisho unatoka wapi? Jibu B, na hatujachora hata mshale mmoja.

Hii siyo kubahatisha. Kusukuma swali mpaka kwenye kingo zake ni fizikia yenyewe, maana mtu asiyejua bloku inafanyaje kwenye ukuta wima hawezi kuifanya. Kwenye ubao wangu hiyo ndo hatua ya kwanza kwa kila swali lenye herufi badala ya namba: pembe sifuri, pembe 90, masi moja iwe kubwa mno, masi zilingane, kisha angalia machaguo yapi yanakataa.

Mtarajiwa_Eng

Mwalimu shikamoo, na heshima zote ila mimi naona huo ni ujanja ujanja. Kwanza hiyo JEE Main anayoitaja, katika maswali 25 ya kila somo 20 ndo ya kuchagua, 5 ya mwisho unaandika namba mwenyewe, hamna machaguo ya kuua. Hapo utasukuma kingo zipi? Pili akifika chuo na huo mtindo mwaka wa kwanza tu supu (mitihani ya marudio) zinamsubiri. Dogo fanya maswali kamili, mengi, kila siku, mpaka mkono uzoee. Hamna dawa nyingine.

Ticha_Sakina

Marahaba Mtarajiwa. Sijasema asijue kulitatua kamili, hebu tulitatue basi tuone lina ukubwa gani.

Kabari inasukumwa na nini? Na bloku peke yake, kwa fosi N inayokaa wima na mteremko. Sehemu ya N inayoelekea pembeni ni N sinθ, kwahiyo N sinθ = MA, A hapa ni mchapuko wa kabari. Huo ndo mstari wa kwanza. Sasa kaa juu ya kabari, safiri nayo. Ukiwa huko juu unaona bloku haiingii ndani ya mteremko wala haipai, na kwa sababu unasafiri na kitu chenye mchapuko unaongeza ile fosi ya kubuni mA inayoelekea kinyume na unakoenda. Ukipima kwa upande uliosimama wima na mteremko unapata N + mA sinθ = mg cosθ. Mstari wa pili. Toa N kwenye wa kwanza uweke kwenye wa pili, A(M + m sin²θ) = mg sinθ cosθ. Mistari mitatu mdogo wangu, siyo ukurasa.

Umeona kilichofupisha? Ni kuchagua pa kusimama. Ukisimama sakafuni unapata mchapuko wa bloku pande mbili, wa kabari, na mlinganyo wa kuwafunga pamoja, hapo ndo dakika sita zinapotea. Uamuzi wa wapi nisimame, fosi ipi niipuuze, upande upi nipime ambao kitu nisichokitaka hakionekani, huo ndo unaopimwa, na huo haumo kwenye PDF.

Kuhusu maswali ya kuandika namba uko sahihi, hamna machaguo. Ila kingo bado zinakusaidia kujikagua kabla hujabonyeza.

Mtarajiwa_Eng

Sawa mwalimu, hapo kwenye kusafiri na kabari nimekuelewa. Ila bado nashikilia wingi wa maswali.

Ticha_Sakina

Wingi sina ugomvi nao. Nina ugomvi na mtu anayefanya maswali 40 kwa siku, akikwama dakika mbili anafungua suluhisho, anasema aaah kumbe, anaendelea na lingine. Kesho ukimpa lilelile umegeuza kabari tu anakwama palepale. Ukikwama kaa nalo. Nenda kaoge, rudi, chora upya. Ukishindwa kabisa fungua suluhisho usome mstari wa kwanza tu, funga, endelea mwenyewe.

Fundi_Volti

Mimi nije kwenye mchemraba maana hapo ndo nyumbani, niko Unga Limited, Arusha, nafunga umeme mchana usiku nawafundisha madogo.

Chalii angu Kirchhoff muache apumzike. Angalia umbo lenyewe. Mkondo I unaingia kona moja, unakutana na waya tatu. Hizo tatu zinafanana kila kitu, ukigeuza mchemraba huwezi kuzitofautisha, kwahiyo mkondo hauna sababu ya kupendelea mmoja. Kila mmoja I/3. Ukifika mwisho wa waya huo unakuta njia mbili, nazo zinafanana, kila moja I/6. Afu hizo I/6 zinakutana mbili mbili kwenye kona tatu za jirani na mlango wa kutokea, kila waya wa mwisho unabeba I/3. Hesabu waya: 3, 6, 3, jumla 12, zote zimepata mkondo wake, hamna iliyobaki. Sasa tembea njia yoyote toka kuingia mpaka kutoka ukijumlisha volteji: IR/3 + IR/6 + IR/3 = 5IR/6. Ukinzani ni 5R/6. Imeisha hiyo, sekunde 40 ukiwa na usingizi.

Sasa kazi ya nyumbani, usiende kwenye mtandao kutafuta. Mchemraba huohuo ila kona mbili za mkabala kwenye uso mmoja, yaani ukivuka uso mmoja kimshazari. Nitakupa kidokezo kimoja: tafuta waya ambazo hazipitishi mkondo kabisa. Leta jibu humu.

HGL_milele

Yaani hilo la mchemraba nimelielewa na mimi ni wa Historia, Jiografia na Kiingereza. Walimu wangu wa sayansi walikuwa wapi jamani.

Dada_Kiboriloni

Mdogo wangu mimi nilishakalia mitihani ya namna hii, kwahiyo niongelee vitu ambavyo walimu huwa wanavipita, yaani saa, alama na kukosa kalukuleta.

Alama kwanza. Watu watakwambia usibahatishe kamwe. Piga hesabu. +4 na −1, machaguo manne, ukibahatisha kipofu maswali manne kwa wastani unapata moja, +4, unakosa matatu, −3, umebaki na +1. Siyo hasara, ila ni faida ya kulambalamba, na siku yenyewe bahati ikikukataa unashuka. Lakini ukishaua machaguo mawili kama mwalimu alivyofanya, kwa kila maswali mawili unapata +4 na −1, yaani alama moja na nusu kwa swali ambalo hujalitatua. Kwahiyo sheria yangu ni kwamba sijaua hata moja naacha, nimeua mawili naweka. Ila soma maelekezo ya pepa yako vizuri maana mahesabu yanabadilika, kwenye JEE Advanced, ile hatua ya pili baada ya JEE Main, kwa mfano kuna sehemu zinakuja na +3 na −1, hapo kubahatisha kipofu ni sifuri kabisa, na zile zenye majibu sahihi zaidi ya moja adhabu huwa ni kali zaidi.

Saa. Dakika 60 kwa maswali 25 ni dakika mbili na sekunde 24 kwa kila swali, ila usiyape yote muda sawa, hapo ndo mnapoumia. Pita pepa nzima mara ya kwanza ukijibu yale ambayo unaona njia kabla hujamaliza kusoma, na yapo, kila pepa yapo, ya fizikia ya kisasa na semikondakta mara nyingi ni mstari mmoja. Mara ya pili rudi kwa yale unayojua njia ila yana mahesabu. Kilichobaki ndo vita, na vita unapigana ukiwa umeshaweka akiba. Mtu aliyeanza na swali la kwanza mpaka la mwisho kwa utaratibu kama anasoma risala, swali la 7 likimshika anaacha maswali rahisi sita kule mwisho hajayaona kabisa.

Kalukuleta. Hapa watoto wa NECTA tunateseka maana tumezoea kubonyeza, na g ya advansi tumeizoea 9.8. Kwenye hizi pepa mara nyingi wanakupa g = 10 waziwazi, chukua hiyo usijifanye unapenda usahihi. Shika vichache vinavyofanya kazi kubwa. hc, yaani namba ya Planck mara spidi ya mwanga, ni 1240 ukiwa na eV na nanomita, basi. Mwanga wa 400 nm una nishati 1240/400 = 3.1 eV, kama nishati ya kung'oa elektroni kwenye metali ni 2.3 eV elektroni inatoka na 0.8 eV, swali limeisha wakati mwenzako bado anazidisha 6.63 × 10⁻³⁴ kwa 3 × 10⁸. π² ni karibu 10, ndo maana pendulamu ya mita moja inachukua karibu sekunde 2 kwenda na kurudi. Pembe ya nyuzi 37 wanaipenda kweli kwa sababu sin ni 0.6 na cos ni 0.8. 36 km/h ni 10 m/s, 72 ni 20.

Na asilimia ndogo ndogo usizipigie hesabu ndefu. Urefu wa pendulamu ukiongezeka kwa 2%, muda wake unafuata mzizi wa urefu, kwahiyo unaongezeka nusu ya hiyo, 1%. Saa ya ukutani yenye pendulamu hiyo inachelewa 1% ya sekunde 86,400 kwa siku, sekunde kama 864, dakika 14 na ushee. Hakuna mzizi uliotafutwa.

Bando linaisha nitarudi kesho.

Chalii_wa_Rau

Dah, wakuu mmeshusha madini siyo kidogo. Mwalimu shikamoo, dada shikamoo. Hilo la 1240 sijawahi kuambiwa na mtu.

Sasa kuhusu PDF, hamjanijibu moja kwa moja. Kwa mfano humo kuna hii ya spidi ya wastani, wameandika tu 2ab/(a + b), a na b ni zile spidi mbili, wamezungushia boksi jekundu, KARIRI. Ni nzuri si ndiyo? Maana inafupisha.

Ticha_Sakina

Marahaba. Haya tuipime na barabara unayoijua. Moshi mpaka Arusha chukulia kilomita 80. Koasta imetoka Moshi, nusu ya kwanza ya njia, tuseme mpaka maeneo ya njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kuna foleni na matuta inakwenda 40 km/h, nusu iliyobaki dereva kafunguka anakwenda 60. Spidi ya wastani?

Chalii_wa_Rau

2 × 40 × 60 / 100 = 48 km/h.

Ticha_Sakina

Sahihi. Kilomita 40 za kwanza zimekula saa moja, 40 za pili dakika 40, jumla dakika 100 kwa kilomita 80, ni 48. Sasa swali la pili. Koasta ileile, ila imekwenda 40 km/h kwa nusu ya MUDA wa safari, na 60 km/h kwa nusu ya muda iliyobaki. Wastani?

Mtarajiwa_Eng

Nimeuona mtego hahaha

Chalii_wa_Rau

Hapo ni 50. Muda sawa kwahiyo ni katikati tu ya 40 na 60. Kumbe boksi jekundu halijasema nusu ya nini.

Ticha_Sakina

Umejijibu mwenyewe kuhusu PDF. Mtunga swali anajua kuna boksi jekundu, na kwenye machaguo ataweka 48 na 50 yote mawili yamekaa jirani. Mtu aliyekariri fomula ya mkato bila kujua imetoka wapi ni kama konda anayejua nauli zote ila hajui vituo. Fomula ambayo umeipata mwenyewe kwa mistari mitatu, ukaitumia mpaka ukaizoea, hiyo ni halali yako itumie. Usiyoweza kuitoa mwenyewe ifute kwenye hiyo PDF. Nakuhakikishia zitabaki kurasa chache.

Kuna lingine nataka ulijibu bila kuandika chochote, na hili nawapa wote. Jiwe limerushwa juu wima, na hewa inaleta upinzani. Muda wa kupanda na muda wa kushuka mpaka mkononi, upi mrefu?

HGL_milele

Kupanda ni kugumu, kwahiyo kupanda. Muulize yeyote aliyewahi kupanda mlima.

Fundi_Volti

HGL rudi kwenye kiti chako 😂

Chalii_wa_Rau

Mwalimu ngoja nijaribu. Bila hewa ni sawasawa. Kukiwa na hewa, jiwe linapoteza nishati njia nzima, juu na chini. Chukua urefu wowote, tuseme mita 5 toka mkononi. Nishati ya urefu ni ileile linapopita kupanda na linapopita kushuka, lakini jumla ya nishati imeshapungua, kwahiyo linapopita kushuka spidi lazima iwe ndogo kuliko lilipopita kupanda. Hiyo ni kweli kwa kila urefu. Njia ni ileile na kila mahali linashuka taratibu kuliko lilivyopanda, basi kushuka kunachukua muda mrefu zaidi.

Ticha_Sakina

Safi kabisa. Umeona hujaulizwa upinzani unafuata spidi au spidi mraba, na wala hukuhitaji kujua. Mwanafunzi mwingine hapo angeandika mlinganyo wa mchapuko aanze kutafuta intigro.

Mtarajiwa_Eng

Nakubali hiyo ni nzuri. Niongezee na kukadiria, maana sisi tunakadiria kila siku. Swali kama mgandamizo wa hewa kilele cha Kilimanjaro ni sehemu gani ya ule wa usawa wa bahari, machaguo 0.9, 0.7, 0.5, 0.1. Mlima ni mita 5,895, na hewa inapungua kwa mtindo wa e, kila ukipanda kama kilomita 8 inagawanywa kwa e. 5.9/8 ni kama 0.74, e⁻⁰·⁷⁴ ni kidogo chini ya nusu. Jibu 0.5. Na hata ukisahau e, wagumu wanaopandisha wageni watakwambia maji yanachemka mapema huko juu, ni kama nyuzi 80 tu pale Uhuru, chakula kinagoma kuiva.

Dada_Kiboriloni

Nimerudi, bando limepatikana. Marahaba mdogo wangu. Nimesoma yote, nina moja la kuongeza kuhusu mazoezi yenyewe. Usifanye kila siku pepa nzima kwa saa, utachoka na hutajifunza. Siku za katikati ya wiki chukua topiki moja, maswali machache, bila saa, kwa mtindo wa mwalimu wa kukaa nalo. Jumamosi ndo uweke saa, pepa nzima, kwenye skrini kama una namna, maana kusoma mchoro kwenye kompyuta na kuuhamishia kwenye karatasi ya rafu kunakula muda kuliko unavyodhani. Ukimaliza usihesabu alama tu. Pitia kila ulilokosa uandike pembeni limekushinda kwa nini: sikujua kitu, nilijua ila sikuona njia, au niliharibu mahesabu. Dawa ya hayo matatu siyo moja. La kwanza unarudi kwenye notisi, la pili unakaa na michoro, la tatu unakagua yuniti na kuandika kwa mpangilio hata kama ni rafu. Watu wengi wanajitibu la kwanza tu, wanasoma notisi upya kila siku wakati ugonjwa wao ni la tatu.

Chalii_wa_Rau

Asante dada, mimi nadhani wangu ni la pili.

Fundi, jibu la mchemraba. Kona mbili zinazotazamana kwenye uso mmoja. Nimechora mchemraba nikauangalia kama ulivyosema. Kuna kona nne ambazo zipo katikati kabisa kati ya mlango wa kuingia na wa kutokea, yaani ukibadilisha kuingia kuwe kutoka hizo nne hazijali, kwahiyo volteji ya kila moja ni nusu ya volteji yote. Zikiwa na volteji sawa, waya mbili zinazounganisha hizo kona zenyewe kwa zenyewe hazina mkondo, nikazifuta. Baada ya hapo toka kuingia mpaka katikati kuna waya mbili za moja kwa moja, pamoja R/2, na njia nyingine inayopita waya mmoja kisha kugawanyika mara mbili, R + R/2 = 3R/2. Hizo mbili zikiwa sambamba, R/2 na 3R/2, inakuja 3R/8. Nusu ya pili ni hivyohivyo. Jumla 3R/4.

Fundi_Volti

Chalii umeua! 3R/4 kabisa. Na jikague na kingo za mwalimu: kona za mbali zaidi ilikuwa 5R/6, hizi zipo karibu kidogo kwahiyo lazima iwe ndogo kidogo, na 0.75 ni ndogo kuliko 0.83. Ukikaa sawa jaribu na kona mbili za jirani, zilizo ncha mbili za waya mmoja, inatakiwa ishuke zaidi, jibu lake ni 7R/12. Safari hii nimekupa jibu, nataka njia.

Mtarajiwa_Eng

Dogo mimi nipo Moshi mpaka mwisho wa mwezi. Jumamosi asubuhi huwa nakaa maktaba ya mkoa, kama wapo wenzako wanaojiandaa njooni tufanye diskasheni, nitakuja na pepa zangu za zamani za mekaniki. Mje na saa, na kalukuleta ziacheni nyumbani.

Chalii_wa_Rau

Nipo kaka, tupo watatu tunakuja. Hiyo 7R/12 nitakuja nayo.

HGL_milele

Na wa HGL tunaruhusiwa kuja kuangalia?

Mtarajiwa_Eng

Njoo, utatunza saa.